Debe mbili na nusu: kisa cha wanafunzi wa Kilolo waliopeleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Shule ninayoiandika ni sekondari ya kutwa iliyoko milimani, Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Ni moja ya zile shule za kata zilizoenea baada ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, na inapokea watoto wa vijiji vinne. Wapo wanaotoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, na wapo waliopanga gheto karibu na shule kwa sababu kwao ni mbali mno. Nilikuwa mjumbe wa bodi ya shule wakati huo. Mengi niliyaona mwenyewe na mengine niliyasoma kwenye mihtasari. Majina ya watu, ya vijiji na ya shule nimeyaacha, maana wengi wa wahusika walikuwa watoto.

Mwaka 2022 mwalimu wa Uraia wa kidato cha pili alifika kwenye mada ya Serikali ya Tanzania. Kila aliyesoma sekondari anajua mada hii inavyofundishwa: unachora piramidi, juu Rais, chini kitongoji, unakariri kazi za halmashauri ya kijiji, unajibu mtihani, unasahau. Mwalimu huyu aliwaambia wanafunzi waorodheshe mambo yanayowasumbua, kisha kila jambo waliulize swali moja: nani ana mamlaka ya kuliamua, na anaweza kuliamua ndani ya mwaka huu?

Orodha ilikuwa ndefu. Walimu wa Fizikia hawapo, maabara haina vifaa, umeme unakatika, njia ya kupitia msitu wa misindano inatisha jioni. Swali lile likaipunguza haraka. Kuajiri na kupanga walimu ni kazi ya serikali kuu. Kidato cha pili hakiwezi kuimaliza kabla ya Desemba. Mwishowe likabaki jambo ambalo hakuna aliyelitaja la kwanza, labda kwa sababu walishalizoea: njaa. Kuanzia saa nane mchana darasa zima linasinzia.

Asiyeijua Iringa atashangaa. Huku ndiko mahindi yanakotoka. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini, wakifuatiwa na Njombe kwa asilimia 50.4. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mahindi yapo, yanauzwa, na mtoto anashinda na kikombe cha chai ya rangi alichokunywa alfajiri. Kwa hiyo hoja ya watoto wale haikuwa ndogo hata kidogo.

Walipoanza kutafuta mlango

Wanafunzi wanane walichaguliwa na wenzao, wasichana wanne na wavulana wanne. Kwanza walienda kwa mtendaji wa kijiji shule ilipo. Akawasikiliza vizuri, akawaambia kijiji chake hakiwezi kuamua juu ya shule ya vijiji vinne, waende kwa mtendaji wa kata. Huyo naye akawaeleza kuwa jambo kama hilo hupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na wenyeviti wa vijiji vyote ni wajumbe. Lakini hata hiyo kamati haiwezi kumwambia mzazi alete mahindi. Inaweza kukubaliana juu ya mpango. Uamuzi wa wananchi kuchangia unafanywa kwenye mkutano mkuu wa kila kijiji, ambao kisheria unatakiwa kukutana angalau kila baada ya miezi mitatu, na wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18.

Wiki mbili ziliishia kwenye kutembea ofisi kwa ofisi. Mwalimu wa taaluma alilalamika kuwa watoto wanapoteza muda, na hoja yake ilikuwa na uzito, maana Novemba kuna mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Wakakubaliana kazi hii ifanyike saa za EK (Elimu ya Kujitegemea) tu, mchana ule ambao wanafunzi huenda shambani au kufyeka uwanja. Nadhani huo ulikuwa uamuzi mzuri kuliko mingi iliyofuata, kwa sababu uliondoa ugomvi ambao ungeweza kuizima kazi nzima mapema.

Katika kuzunguka kule walijifunza kitu ambacho piramidi ya ubaoni haikuwahi kuwaonyesha: mamlaka yamegawanyika, na mtu anayekuambia "hilo si langu" mara nyingi anasema kweli. Mtoto asiyelijua hilo anakua akiamini kila kiongozi anamkwepa. Anayelijua anauliza swali la pili: basi ni la nani?

Mkutano wa kwanza

Kamati ya kata ilikubali hoja iende vijijini. Mei 2022 ikawa zamu ya kijiji cha kwanza, kile chenye shule. Mkutano ulipangwa siku isiyo ya mnada, asubuhi, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Kwa kuwa wanafunzi hawajafika miaka 18, si wajumbe na hawapigi kura. Mwenyekiti ilibidi aombe ridhaa ya mkutano ndipo waruhusiwe kusema.

Aliyesema alikuwa mvulana mwenye sauti nzuri, bingwa wa midahalo. Alizungumza kama mtu aliyepanda jukwaani: haki ya mtoto, taifa la kesho, viongozi wa baadaye. Kisha akataja ombi: debe tatu za mahindi kwa kila mwanafunzi, ziletwe Januari shule zikifunguliwa. Watu walimpigia makofi. Halafu wakaikataa hoja.

Mzee mmoja alisimama akasema elimu ni bure, serikali imeshatangaza, na anayetaka kumrudisha kwenye michango aonyeshe barua. Mwingine akauliza stoo itashikwa na nani, kwa maana mahindi ya mwaka fulani ya shule ya msingi yaliishia kusikojulikana. Kisha akasimama bibi anayelea wajukuu watatu, wawili wako sekondari hiyo. Hakupandisha sauti.

"Mjukuu wangu, Januari mimi sina debe hata moja. Januari nanunua. Hizo debe sita ulizozisema nitazitoa wapi?"

Mvulana hakuwa na jibu. Mikono ikahesabiwa, hoja ikaanguka.

Kilichotokea kati ya siku ile na mkutano uliofuata ndicho kinachonifanya niandike. Njia rahisi zilikuwa mbili, na zote mbili zilipendekezwa na watu wazima wenye nia njema. Ya kwanza: uongozi uagize tu, mtendaji apite na mgambo nyumba kwa nyumba. Ya pili: mkuu wa shule aende mwenyewe kwenye mkutano ujao, amtoe mvulana mbele, azungumze na wazazi kwa lugha ya mamlaka. Mwalimu wa Uraia alizikataa zote. Nakumbuka alivyotuambia kwenye bodi: tukifanya hivyo mahindi yatapatikana, na watoto watakuwa wamejifunza kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni mchezo, uamuzi uko kwingine. Bodi ilibishana sana. Mwishowe tulimpa muda hadi mkutano wa Agosti.

Naamini hapo ndipo somo lilipookolewa. Ushiriki ambao mtoto hawezi kushindwa ndani yake ni maigizo. Mabunge mengi ya wanafunzi na risala nyingi mbele ya mgeni rasmi zina kasoro hiyo: matokeo yanajulikana kabla, na mgeni rasmi anaahidi "kulichukua". Hapa watoto walikataliwa na wazazi wao wenyewe, kwa kura halali, kwa sababu zinazoeleweka. Ikabidi warudi wajifunze sababu hizo.

Kuwafuata waliokataa

Mwalimu aliwapa kazi moja tu. Kila mmoja wa wale wanane, na wengine waliojitolea, amtembelee mtu aliyenyoosha mkono kukataa, amsalimie, aketi, aulize, asibishane. Arudi na sababu imeandikwa.

Nilimsindikiza mmoja wa wasichana kwa yule bibi, kwa sababu nyumba yake iko njiani kwangu. Alikuwa anapukuchua mahindi barazani. "Kamwene, bibi," msichana akasema, kisha akaongeza shikamoo, akachukua gunzi bila kuambiwa, akaanza kupukuchua naye. Walizungumza kwa muda mrefu juu ya mambo mengine kabisa. Bibi ndiye aliyelirudia la mkutano. Alisema hakatai watoto kula. Huku milimani mahindi hupandwa Novemba na Desemba, huvunwa kuanzia Juni hadi Agosti. Julai kila nyumba ina mahindi, hata yake. Januari ni miezi ya kupalilia na kununua, bei iko juu, na hapo ndipo kuna sare, madaftari na viatu. "Anayekuja kuomba Januari hajui kulima," alisema. Kisha akaongeza kuwa hata Julai debe zote hawezi, ila nguvu anazo: anaweza kuja kupika, au kuleta kuni.

Msichana aliandika yote. Sababu zilipokusanywa darasani zilikuwa za aina tatu hivi, na kila moja ikawa kazi.

Ya kwanza ilikuwa ile ya elimu bure. Hapa wanafunzi walisoma nyaraka wenyewe. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016. Lakini Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huohuo, unaogawa majukumu ya kila upande, unaweka chakula cha mwanafunzi wa kutwa katika majukumu ya mzazi. Kwa upande mwingine, Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, na tangu hapo mwalimu anayemfukuza mtoto kwa sababu ya mchango anajitafutia matatizo. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja. Hoja iliyoandikwa upya ilibidi iyaheshimu yote: wazazi wanaamua wenyewe mkutanoni, kamati ya wazazi inapokea, walimu hawagusi, na hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani.

Ya pili ilikuwa hesabu. Debe tatu zilitoka wapi? Mvulana alikiri kuwa alizisikia kutoka shule jirani. Mwalimu wa Hisabati akaingia hapo, kwa hiari yake, na nilifurahi kumwona. Mwaka wa masomo una siku 194. Ukimpa mwanafunzi gramu 200 za unga wa dona kwa siku unahitaji karibu kilo 39 za mahindi. Maharage gramu 60 kwa siku, karibu kilo 12. Lakini kijijini hakuna anayepima kwa kilo. Watu wanahesabu kwa debe na sado. Basi wanafunzi wakabeba debe hadi kwa mfanyabiashara wa mazao mwenye mizani. Debe ya kufuta, iliyosawazishwa kwa ubao, ilikuwa kilo 15 na nusu. Debe hiyohiyo ikilundikwa ilikaribia kilo 18. Watoto wa wakulima wa mkoa huu, ambao wazazi wao wameumizwa na lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, miaka nenda rudi, walielewa mara moja tofauti hiyo ina maana gani. Debe mbili na nusu za kufuta zinatosha. Hoja ikasema hivyo: debe mbili na nusu za kufuta, na sado nne za maharage, za kufuta pia.

Nusu debe iliyopunguzwa kwenye ombi la kwanza ilifanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote. Mzazi aliyeona kwamba watoto wamepima, na wamepunguza walipogundua wamezidisha, alianza kuwaamini kabla hawajafungua mdomo.

Ya tatu ilikuwa asiyeweza kuchangia na asiyetaka kuchangia. Hapa ndipo darasa lilipogawanyika kabisa, na sioni aibu kusema kuwa mjadala ule ulikuwa mzito kuliko mingi niliyowahi kuisikia kwa watu wazima. Kundi moja, lenye watoto wengi wa familia zenye uwezo wa kati, lilisema asiyechangia asile. Vinginevyo, walisema, mwaka wa pili hakuna atakayechangia. Hoja hiyo ina nguvu na kila aliyeendesha chama cha ushirika anaijua. Kundi la pili likasema huwezi kumpikia mtoto mmoja harufu na mwingine sahani.

Mwalimu hakuamua. Aliwauliza: anayekosea hapa ni nani, na anayeadhibiwa ni nani? Wakajadili hadi kengele ya kufunga shule. Siku iliyofuata walirudi na msimamo walioujenga wenyewe. Mtoto hakuamua kutochangia, kwa hiyo adhabu isimwangukie yeye. Kila aliyepo shuleni anakula. Mzazi asiyechangia ndiye anayefuatwa, na anafuatwa na kamati ya wazazi ya kijiji chake, kwa sababu huko ndiko uamuzi ulikofanyika. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, na nyumba za wazee wanaolea wajukuu, zinaweza kuchangia nguvu badala ya nafaka: kuni, kupika, kuchota maji. Wazo la nguvu lilikuwa la bibi, na kwenye hoja waliandika kuwa limetoka kwa mwananchi mkutanoni.

Wakati wa kusubiri Agosti siasa za chama zilinusa. Kiongozi mmoja alitaka kuja paredi na magunia mawili na mpiga picha. Mwingine, wa upande wa pili, akataka kuja kueleza kwa nini serikali imeshindwa kuwalisha watoto. Jibu la shule lilikuwa moja kwa wote wawili: karibuni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, semeni kama wakazi, paredi si jukwaa. Walimu wengi wanaogopa kazi ya aina hii kwa sababu ya jambo hilo hasa, wakidhani kugusa uamuzi wa umma ni kuingia kwenye chama. Mpaka upo na unaweza kulindwa, mradi kanuni iwe ileile kwa kila anayebisha hodi.

Agosti

Kwenye mkutano wa pili hawakumpeleka bingwa wa midahalo. Alisema msichana aliyekwenda kwa bibi, na alisema kwa kifupi. Alianza na sababu za waliokataa Mei, moja baada ya nyingine, akaeleza kila moja imebadilisha nini kwenye hoja. Mchango ni sasa, wakati wa mavuno, si Januari. Ni debe mbili na nusu, si tatu. Stoo itakuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kamati ya wazazi na mwingine kwa mwakilishi wa serikali ya kijiji. Daftari la stoo litasomwa kila mkutano mkuu. Mvulana wa kwanza alisimama kando ameshika debe na ubao wa kusawazishia, akaonyesha kufuta ni kupi.

Yule mzee wa elimu bure aliuliza tena swali lake. Akasomewa waraka, na kipande cha pili pia, kwamba hakuna mtoto wa kufukuzwa. Akasema kama ni hivyo yeye hana neno, ila ataangalia daftari. Hoja ilipita. Katika wiki zilizofuata vijiji vingine viwili vikapitisha. Cha nne kikakataa. Mwaka ule baridi kali iliwaharibia viazi na walikuwa wanategemea mahindi kulipia madeni ya mbolea. Wanafunzi wa kijiji hicho walikula kama wengine, kwa kanuni ileile, na wazazi wao kadhaa walileta mahindi kimyakimya bila kuambiwa.

Mahindi yaliyopungua

Watu wengi wanaosimulia mafanikio ya miradi ya vijana huishia hapa, kura ikipita. Kwa maoni yangu sehemu ngumu ya somo ilianza baadaye.

Mwishoni mwa Septemba stoo ilikuwa na mahindi ya uzito wa magunia 60 ya kilo mia, kwa daftari. Januari 2023 shule zilipofunguliwa na chakula kuanza, kamati ya wanafunzi ya kukagua ikapima upya. Zaidi ya magunia matatu hayakuonekana. Habari ilienea shule nzima kabla ya mapumziko. Jina la mtunza stoo, mzazi mmoja aliyejitolea bila malipo, lilikuwa linatajwa waziwazi, na baadhi ya wanafunzi walikuwa wameandika tangazo la kubandika kwenye mbao za ofisi ya kijiji.

Mwalimu hakuwazuia kuuliza. Aliwazuia kutuhumu kabla ya kupima njia nyingine zote. Waliangalia kufuli: zilikuwa sawa. Waliangalia dumuzi: walikuwepo kidogo, lakini hawali magunia matatu ndani ya miezi minne bila kuacha unga sakafuni. Ndipo mwalimu wa Kilimo akauliza mahindi yalipokelewa yakiwa makavu kiasi gani. Hakuna aliyekuwa ameandika. Huku kwenye baridi mahindi ya Agosti yanaweza kuwa na unyevu wa asilimia 18. Yakikauka hadi 13, kila kilo 100 inabaki kilo 94 na kidogo. Kwenye magunia 60 huo ni upungufu wa magunia matatu na kitu. Maji yalikuwa yameondoka. Mahindi yalikuwepo yote.

Tangazo lilichanwa. Wanafunzi wawili walikwenda nyumbani kwa mtunza stoo kumwomba radhi, kwa sababu alikuwa ameshasikia. Na kanuni ya kupokea ikabadilishwa: mahindi yanaanikwa kwanza, yanapimwa yakiwa makavu, na mpokeaji anang'ata punje mbele ya mleta mzigo kama wafanyavyo wanunuzi. Ilikuwa salama zaidi pia, maana mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu ndiyo yanayoota ukungu na kuleta sumukuvu.

Tunasema sana kwamba tunataka vijana wadai uwajibikaji. Kudai ni rahisi kufundisha; kila mtu ana hasira ya kutosha. Kigumu ni kumfundisha kijana adai akiwa na daftari mkononi, na awe tayari kukuta kwamba aliyemshuku hana kosa. Darasa lile lilifika karibu sana na kumharibia jina mtu mwema anayeishi nao kijiji kimoja. Hakuna kitabu cha kidato cha pili kingeweza kuwafikisha pale, na hakuna mtihani ungeweza kupima walichoondoka nacho.

Maswali yaliyobaki

Wapo wanaosema watoto wasibebeshwe kazi ya watu wazima. Naikubali nusu. Wanafunzi hawakupaswa kukusanya mahindi, na hawakukusanya. Hawakupaswa kumfuata mdaiwa, na hawakumfuata. Kazi yao ilikuwa kuuliza, kupima, kueleza na kukagua. Mpaka huo uliandikwa na bodi tangu mwanzo, na mwalimu anayetaka kufanya jambo kama hili auandike kabla mtoto wa kwanza hajatoka getini. Katiba yetu, kwenye Ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, na kura inakuja na miaka 18. Ile miaka ya kati, kuanzia kumi na nne hadi kumi na saba, tumeiacha tupu, kana kwamba mtu hulala mwanafunzi akaamka raia.

Nyerere alipoitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka wanafunzi washiriki pia katika kuamua, si kushika jembe tu. Tulilishika jembe. Saa za EK zikawa saa za kufyeka. Shule hii ilitumia saa hizohizo kwa ile nusu iliyosahaulika, bila fedha ya mradi, bila semina, na bila kibali kipya kutoka popote. Ndiyo maana nadhani inaweza kuigwa Makete, Mufindi, Rungwe au Mbozi, mradi kila mahali waanze na jambo lao. Chakula kilikuwa jambo la pale. Kwingine litakuwa kivuko cha mto, au taa ya njia panda.

Udhaifu mkubwa ninaouona ni kwamba kazi yote ilimtegemea mwalimu mmoja. Alihamishwa mwaka uliofuata, kama walimu wanavyohamishwa, na kwa muhula mzima ukaguzi wa stoo ulisimama. Ulirudi kwa sababu mzee wa elimu bure alisimama kwenye mkutano mkuu akauliza daftari liko wapi, mbona halijasomwa.

Darasa lile lilimaliza kidato cha nne mwaka 2024. Waliokuwa wametimiza miaka 18 walijiandikisha Oktoba kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba, ingawa kampeni ziliwakuta kwenye vyumba vya mitihani. Sijui walimchagua nani na si kazi yangu kujua. Kijiji cha nne kilipitisha hoja ya chakula kwenye mkutano wake baada ya mavuno ya 2023, na sharti walilolitia wenyewe ni kwamba mahindi yao yapimwe kwa mizani, kilo 39, wasiwekewe debe kabisa. Kamati ya kata imelichukua sharti hilo kwa vijiji vyote, na kinachojadiliwa sasa ni nani anunue mizani.